Makopo ya Mstari wa Saba

Makindye, 4 Machi 2024

Mume wangu Okullo,

Na tena si kweli kwamba nililia kwa sababu ya vumbi la gari la Oyat, kama ulivyowaambia wenzako. Nililia kwa sababu nilitaka kulia. Mwanamke ameolewa siku kumi na tisa tu, mumewe anapakiwa kwenye pikapu katikati ya vyuma na masanduku, yeye anaachiwa kitanda kipya na sufuria tano. Ulitaka afanye nini, acheke?

Lakini hujambo, roho yangu? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula? Mimi ni mzima, nakonda kidogo tu, na kukonda huko ni kwa ajili yako. Mama yako alikuja Jumapili akakagua jiko langu kama mke wa sajini anavyojua kukagua. Alifungua kila kifuniko. Mwisho akasema, "Kale, haya basi, utamlisha." Nilitaka kumrukia shingoni kwa furaha.

Nusura wa dukani anakusalimu. Anasema, "Bi arusi, ukiendelea kulitaja jina la mumeo hivyo, litaisha." Nikamjibu kwamba haliishi, ninalo kwenye hati ya ndoa limepigwa muhuri. Alicheka mpaka mteja akaondoka bila chenji yake, ikabidi amkimbilie.

Wengine huku wanailaumu kampuni yenu kwa kuwanyang'anya simu getini ili siri za ardhi zisitoke. Mimi naishukuru. Simu ningeongea nawe ikaisha. Barua nailaza chini ya mto.

Lakini niambie kitu kimoja. Watu wakiniuliza unafanya kazi gani nawaambia unatafuta mafuta, wanauliza, "Ya kupikia?" Nieleze vizuri nipate kujivuna. Na kama kuna kazi yoyote, hata ya kufagia, itakayonifanya niguse unachogusa wewe, nitafutie. Nimemaliza sinia ya nne ya sekondari, siwezi kukaa kutwa nikihesabu mapazia.

Nakupenda mpaka naona aibu.

Mkeo,
Lamwaka


Kambi ya utafiti, Nebbi, 12 Machi 2024

Mke wangu Lamwaka,

Oyat alinipa barua yako mbele ya watu wote akasema, "Shemeji amejaza karatasi pande zote mbili, mwaka huu husomi ramani." Kikohozi kimekwisha. Nakula, ingawa mpishi hapa ana ugomvi na chumvi. Natumaini nyumbani kote ni salama na mama hakusumbui.

Umeuliza kazi yangu. Sikiliza. Mafuta yako chini sana, pengine kilomita mbili. Hakuna jicho linaloyaona. Lakini hayawezi kukaa kimya kabisa. Kidogo kidogo, kwa maelfu ya miaka, gesi yake inapenya kwenye nyufa za miamba na kupanda mpaka kwenye udongo tunaoukanyaga. Ni chembe ndogo sana, mtu hawezi hata kuzinusa. Sisi tunapiga mistari porini, mmoja baada ya mwingine. Kila hatua mia mbili tunatoboa ardhi kwa chuma hadi kufika urefu wa mtu, tunachota udongo wa chini, tunautia kwenye kopo, tunafunga. Hemani kuna mashine ya kupima gesi na taa ya zambarau. Udongo wenye chembe za mafuta ukimulikwa na taa ile unang'aa rangi ya maziwa.

Kutoboa anaweza yeyote. Kazi ni kusoma. Gesi peke yake haithibitishi kitu, hata kinamasi kina gesi yake ya majani yaliyooza. Na kopo moja linalong'aa si kitu. Unaangalia makopo mia tatu kwa pamoja kwenye ramani, unaona yanachora umbo gani. Hapo ndipo unaposema: chini hapa pana jambo, au hapana.

Nilikuwa wa kutoboa. Sasa mkuu wa kambi ameniweka kwenye kusoma. Ameniambia msimu huu ukienda vizuri nitapewa kiti ofisini Kampala. Fikiria, Lamwaka. Asubuhi naondoka, jioni narudi.

Ojok anakusalimu, yule mtoboaji wetu aliyebeba sanduku lako kichwani siku ya harusi huku anacheza. Kitanda chake kiko jirani na changu. Bado anajipaka mafuta mpaka anang'aa. Anasema mke wake huko Pakwach akisikia ngozi yake imepauka atadhani amekufa. Jana alipita mbele ya taa ya zambarau akasema, "Afande, usinimulike, kampuni itanichimba."

Kazi nimekupatia. Makopo yakishatumika yanarudi Kampala kuoshwa maabara, na watu wao wamelemewa. Nimemwomba Daktari Emérence, yule Mkongomani anayesimamia maabara, akupe wewe. Masharti yake ni haya: maji ya moto, sabuni isiyo na harufu, suuza mara tatu, kausha juani. Basi. Yafunge vizuri tu, maana vifuniko vyake vya kuzungusha vina kutu na vinatuchuna. Vidole vyangu vimepasuka vyote, hata kalamu hii naishika kwa shida.

Mumeo anayekuwaza,
Okullo


Makindye, 25 Machi 2024

Mume wangu, nuru ya macho yangu,

Vidole hivyo! Nimesoma sentensi ile mara ishirini. Vidole vilivyonivisha pete vinachunwa na kutu, mimi nimekaa tu Makindye nakunywa chai. Vinaendeleaje? Umevifunga? Hapa sote wazima, mvua imeanza, baba yako goti linamuuma ila hataki kukubali.

Makopo yamekuja! Masanduku sita, makopo arobaini kila moja. Nimeyapanga uani kama mkutano wa hadhara. Maji ya moto, sabuni isiyo na harufu, suuza mara tatu, jua. Nilipokuwa nasuuza nilikuwa nasema kimoyomoyo: hili atalishika, na hili, na hili. Nusura alikuja kuangalia akasema, "Mimi mume wangu sijawahi kumwosha hivi." Wanawake wote wa uani wamekuja kunicheka na wote wamebaki kunisaidia kuanika.

Na kuna kitu kidogo nimekufanyia. Sikwambii. Utakihisi mwenyewe vidoleni utakapofungua kopo la kwanza, na ukikihisi ujue ni mimi.

Nimewaeleza wote hapa habari za chembe zinazopanda kwa maelfu ya miaka. Niliieleza vizuri mpaka mama yako akasema, "Kumbe mtoto wangu ni fundi wa mambo yasiyoonekana." Nililala nayo hiyo sentensi.

Kiti cha Kampala! Sitaki kukitaja sana kisije kikakimbia. Nimesikia Kyambogo kuna vyumba viwili vyenye kibaraza. Sijaenda kuviona. Nimevipitia tu.

Mkeo mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji,
Lamwaka


Kambi ya utafiti, Nebbi, 17 Aprili 2024

Mke wangu mpenzi,

Samahani kwa kukaa kimya, utasamehe ukisoma. Mimi mzima wa afya, vidole vimepona. Na vimepona kwa sababu yako! Sijui umefanya nini, vifuniko vya makopo yako vinazunguka vyenyewe kama vimefundishwa adabu. Ojok alisema, "Hata kutu inamwogopa shemeji."

Sasa sikia. Mistari sita ya kwanza haikutupa kitu. Gesi ya kinamasi, basi. Watu walianza kuzungumza habari za kufunga kambi. Tukaanza mstari wa saba, tukafungua masanduku yako. Niliweka udongo wa kwanza chini ya taa, ukang'aa. Wa pili ukang'aa. Nilidhani macho. Nikamwita mkuu wa kambi, tukamulika kopo baada ya kopo, la saba, la nane, la tisa, yote rangi ya maziwa, mpaka mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

Nimechora ramani mwenyewe. Upande wa magharibi hakuna kitu. Mashariki, kuanzia mstari wa saba, kumejaa. Na mpaka wake umenyooka kama umepigwa rula. Mkuu aliniuliza, "Mbona umenyooka hivi?" Nikamwambia ni ufa, mwamba umekatika hapo na kuyazuia mafuta yasipite. Alinitazama, akanishika bega. Jina langu limeandikwa chini ya ramani ile, Lamwaka. Limeandikwa kwa wino.

Maabara ya Kampala ingethibitisha, lakini mashine yao kubwa imeharibika tangu Machi na kampuni haitaki kungoja. Wanaleta mtambo wa kuchimba kisima cha majaribio.

Nikuchekeshe kidogo. Kila sanduku lina kopo moja linaloachwa tupu kwa makusudi. Linafungwa hivyo hivyo, linasafiri na mengine, kisha unalipima ili ujue makopo yenyewe hayana uchafu. Ni sheria ya Daktari Emérence. Ya masanduku yako sikuyapima. Kila nilipofika kwenye mstari wa kopo tupu daftarini niliandika "safi" nikaendelea. Mikono iliyoyaosha naijua.

Vipitie tena vile vyumba vya Kyambogo. Safari hii ingia ndani.

Mumeo,
Okullo


Makindye, 29 Aprili 2024

Okullo wangu, Okullo wangu,

U mzima? Mimi siko mzima, mimi nimepaa. Oyat aliponiletea barua nilimsomea palepale getini, akasema, "Shemeji, punguza sauti, hizi ndizo siri zenyewe walizowanyang'anyia simu." Nikaziba mdomo, nikacheka kwa pua.

"Mikono iliyoyaosha naijua." Hivi wewe unajua ulichoniandikia? Kuna wanawake wanaishi na waume miaka arobaini hawaambiwi neno kama hilo. Nimelinakili kwenye karatasi ndogo, liko ndani ya pochi yangu.

Niliingia. Vyumba viwili, kibaraza, na nyuma kuna nafasi ya sukuma wiki. Mwenye nyumba ni mama mmoja mkali anayefundisha, aliniuliza, "Mumeo ni nani?" Nilisimama wima kama baba yako kwenye gwaride nikasema, "Ni msomaji wa ardhi." Akasema atatungoja mpaka Julai.

Masanduku mengine manne yamekuja. Nayaosha kwa nyimbo.

Mkeo, mke wa msomaji wa ardhi,
Lamwaka


Kambi ya utafiti, Nebbi, 29 Juni 2024

Mke wangu,

Natumaini hujambo na wazee hawajambo. Najua umeandika mara tatu na sikujibu. Afya ninayo. Ni hiyo tu niliyonayo.

Kisima hakina kitu. Walichimba siku ishirini na sita. Siku ya kumi mkuu wa kambi bado alikuwa anacheka. Siku ya ishirini aliacha kula na sisi. Mwamba mkavu, Lamwaka, mkavu kama tofali. Hapakuwa na mafuta, hapakuwa na gesi, wala huo ufa wangu haukuwepo.

Mtambo uliondoka Jumatano. Alhamisi akaja Daktari Emérence na udongo wetu. Mashine yake imetengenezwa. Alitandika ramani yangu mezani akaweka kidole kwenye ule mpaka. Akasema, "Mafuta hayakatiki kama ua wa nyumba. Kinachokatika hivi kimetengenezwa na mtu." Kisha akatuambia alichokuta. Si mafuta ya ardhi hii. Ni mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini. Unajua kwamba nayo hutengenezwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini? Chini ya taa yanang'aa vilevile. Tulichokuwa tunakisoma miezi yote ile ni mafuta ya kujipaka.

Wote tulimgeukia Ojok. Alikuwa amesimama mlangoni, anang'aa.

Alisema yeye huvaa glavu. Alisema amejipaka hivyo tangu mstari wa kwanza, mbona sita ya mwanzo haikung'aa? Hakuna aliyemsikiliza, watu walitaka jambo liishe. Waliandika karatasi kwamba aliharibu kazi kwa uzembe, wakataka shahidi. Mimi ndiye nilalaye jirani naye. Niliulizwa kama nimemwona akijipaka kabla ya kwenda kazini. Nimemwona kila siku, Lamwaka. Nikasema ndiyo. Nikatia saini.

Amefukuzwa, na jina lake limepelekwa kwa kampuni zote asiajiriwe tena. Alipokuwa anafunga begi nilisimama pale kama mti. Akaniambia, "Afande, wewe unajua kusoma. Soma tena." Basi, akaenda kupanda gari.

Mimi wamenibakiza. Wamesema kosa halikuwa langu, mimi nilisoma nilicholetewa. Kiti cha Kampala bado kipo, wanaamua mwisho wa Agosti.

Mumeo,
Okullo


Makindye, 3 Julai 2024

Mume wangu,

Hujambo. Mimi sijui nilivyo.

Nimeanza barua hii mara nne. Nitasema moja kwa moja, nisipofanya hivyo sitasema. Si Ojok. Ni mimi.

Uliniandikia kwamba vifuniko vinakuchuna vidole. Nilikwenda kwa Nusura nikanunua kopo kubwa la mafuta ya mgando, na nilipomaliza kukausha makopo nilipaka kila kifuniko kwa ndani, na mdomo wa kila kopo, kwa kidole changu hiki cha shahada. Kidogo tu, yasionekane. Yote. Na yale ya Aprili pia. Ndicho kile kitu kidogo nilichokuambia utakihisi. Mwingine angepaka mafuta ya kupikia, mimi nikaona yale yananuka, haya hayana harufu, na Daktari alikataza harufu. Niliona nimekuwa mwerevu.

Sikujua, Okullo. Naapa sikujua yanatoka wapi. Nimesoma mpaka sinia ya nne na hakuna mwalimu aliyeniambia, hata kopo lenyewe nililisoma upande wa mbele tu, ule wenye picha ya mtoto anayecheka. Leo nimeligeuza. Nyuma limeandikwa kwa herufi ndogo.

Nusura amekuta nimekaa sakafuni akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi inuka, sakafu ni baridi."

Joto la hemani liliyayeyusha yakashuka kwenye udongo, nadhani ndivyo ilivyokuwa. Mistari sita ya mwanzo haikuwa na makopo yangu. Ojok alisema kweli yote na nyote mlimwangalia ngozi.

Waambie. Tafadhali waambie leo, kabla jina lake halijachakaa. Mlaumu mkeo mbele ya watu, nitakubali, nitakuja kusimama hapo wakitaka. Alicheza na sanduku langu kichwani, Okullo. Ana watoto wanne.

Nisamehe. Nilitaka tu vidole vyako visiumie.

Mkeo,
Lamwaka


Makindye, 24 Julai 2024

Mume wangu,

Salamu. Naandika tena kwa sababu Oyat ameshuka mara mbili na mikono mitupu. Leo nilimshika mlangoni.

"Oyat, barua yangu ulimpa?"

"Nilimpa, shemeji."

"Mkononi?"

"Mkononi. Aliisoma amesimama. Kisha akaikunja akaiweka mfukoni."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza kama gari lina mafuta ya kutosha." Akaangalia viatu vyake. "Shemeji, mimi ni dereva. Mambo ya ndani sijui."

Nikamuuliza habari za Ojok. Akasema alimwona Pakwach barabarani anauza samaki wakavu wa mtu mwingine. Alimsalimia, akajifanya hamjui.

Mama wa Kyambogo ameuliza kama bado tunavitaka vyumba. Nimemwambia sijui. Makopo mapya yaliletwa, nimeyarudisha kama yalivyokuja.

Niandikie hata matusi. Niandikie mstari mmoja.

Mkeo,
Lamwaka


Kambi ya utafiti, Nebbi, 9 Agosti 2024

Mke wangu,

Natumaini u mzima. Sijakukasirikia, nataka ulijue hilo kwanza. Nilikaa wiki nzima nikijaribu kukasirika nikashindwa. Kila nikianza nakumbuka vifuniko vile vilivyokuwa vinazunguka, na jinsi nilivyokuwa natabasamu peke yangu porini kama mwehu.

Lakini nisikilize kwa makini. Sikuwaambia, na sitawaambia.

Ukisema ulipaka makopo, swali la pili litakuwa: na makopo matupu? Watafungua daftari. Watakuta masanduku kumi, makopo kumi matupu, na mbele ya kila moja neno "safi" kwa mwandiko wangu, na hakuna hata moja lililomulikwa. Kopo moja tu, Lamwaka. Ningelimulika moja tu siku ile ya kwanza ningejua, tungecheka, ningekuandikia usirudie. Hili si kosa la mkono ulioteleza. Niliandika nimepima kitu ambacho sikukipima. Katika kazi yetu mtu wa namna hiyo harudi tena, si hapa tu, popote. Hata kutoboa hawatanipa.

Ojok ni mchimbaji. Wachimbaji hupata kazi, barabara zinajengwa, nyumba zinajengwa. Mimi nina hii tu. Wiki tatu zimebaki. Nikipewa kiti, nikishatulia Kampala, nitamtafuta, nitamsaidia kwa njia ninayoijua. Naahidi.

Mimi na wewe tu ndio tunaojua. Ichome barua hii. Ichome na ile ya Aprili. Usimwambie Nusura, usimwambie mama. Kavishike vyumba vile.

Niliandika "safi" kwa sababu yako. Nifanyie na wewe hili kwa sababu yangu.

Mumeo,
Okullo


Makindye, 19 Agosti 2024

Mume wangu,

Habari za huko. Goti la baba yako limepata nafuu kidogo. Mama yako hajui kitu; jana alinipikia boo, yale majani ya kunde, akanilisha kwa mkono wake, akidhani nina malaria kwa jinsi ninavyokataa chakula. Sikumwambia sina.

Nilikaa na barua yako siku sita. Nilikwenda nayo jikoni, nikawasha jiko, nikaisimamia. Nilitaka kuichoma, Okullo. Usifikiri mimi ni mtu mwema sana. Nilikwenda mpaka Kyambogo nikasimama kwenye kile kibaraza nikajaribu kutuona mimi na wewe, asubuhi unaondoka, jioni unarudi. Nilituona vizuri kabisa. Ulikuwa unakunywa chai, na mimi nilikuwa nakuangalia, na nilikuwa najua. Nikaona kila jioni ya maisha yetu ninakuangalia na ninajua. Sikuweza kukaa pale dakika kumi.

Ijumaa nimekwenda maabara kwa Daktari Emérence. Nilimwambia nilivyopaka, kwa nini, na lini. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mdogo wangu, weka mikono hapa," akazima taa ya chumba akawasha ile ya zambarau. Sikuwahi kuiona, ulinieleza tu. Ni miezi sasa tangu niache kuyagusa mafuta yale, nilidhani nitakuwa safi. Lakini asubuhi nilikuwa nimejipaka losheni kama kila mtu, kumbe nayo ni ya jamii ile ile. Mikono yangu yote ilikuwa ya maziwa, mpaka kwenye pete. Akaiweka yake kando ya yangu. Nayo ilikuwa vilevile. Akasema, "Umeona? Sisi sote. Ndiyo maana kuna kopo tupu."

Kisha akauliza lile swali la makopo matupu. Nilijua ataliuliza, wewe uliniambia. Sikukutaja, Okullo, naapa kwa ndoa yetu, sikufungua mdomo. Alinisubiri, akainuka, akalishusha rafuni daftari lako alilolichukua kambini Juni, akafungua. Alisoma kwa sauti, polepole, "Safi. Safi. Safi." Mara kumi. Aliposoma ya mwisho aliniuliza, "Anakupenda sana, siyo?" Hapo ndipo nililia, na sikuweza kusingizia vumbi la mtu.

Ojok ataitwa. Nilimwomba aniandikie karatasi mbele yangu, ameiandika, nakala ninayo, inasema hakuharibu chochote na jina lake lifutwe kule lilikopelekwa. Wewe utaitwa pia. Amesema mtu wa ofisi atafika kambini tarehe thelathini na moja, na mpaka siku hiyo ubaki hapo hapo. Hakuniambia itakuwaje baada ya hapo. Sikumuuliza, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshajibu.

Najua nimekuvunja. Sijui neno zuri zaidi la kulisema. Nilikupenda nikakuharibia kazi kwa kidole kimoja, na sasa nimekuharibia iliyobaki kwa miguu yangu mwenyewe nikijua ninakokwenda. La kwanza nililifanya kwa kutojua. Hili la pili silijutii, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ningekuwa mbele yako sasa ningelirudia, na bado ningetaka kukushika uso.

Oyat ataleta barua hii na kurudi Jumamosi. Nimemwambia safari itakayofuata aniachie nafasi mbele. Amesema, "Shemeji, barabara ni mbaya, na huko sijui utapokewaje." Nimemwambia nami sijui. Tutapitia Pakwach kwanza, nimpe Ojok karatasi yake mkononi na nimwambie mwenyewe ilikuwa mimi. Atakachonifanyia ni chake.

Kisha nitakuja kwako. Usijibu barua hii, hakuna muda wa kujibu, na naogopa utakachoandika. Kama utataka kunifukuza, nifukuze nikiwa nimesimama mbele yako. Kama utaulizwa maswali siku ile, nitakaa nje ya hema mpaka utoke, na ukitoka nitakuwa nimekaa pale pale, hata ukipita bila kunitazama.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimefika.

Mkeo,
Lamwaka